Boti Moja na Mkwe

Shule mimi niliiachia darasa la nne, kwa hiyo anayesoma hapa anivumilie. Nikipotea njia nitarudi. Ninachotaka kueleza ni namna nilivyonyang'anywa usukani wangu, ingawa kusema kunyang'anywa nako si haki, maana niliutoa kwa mkono wangu mwenyewe, mchana, watu wanaona.

Watu wa Bariadi wakisikia kwamba Kalemela kuna klabu ya boti za tanga huwa wanacheka. Wanajua huku ni pamba, mpunga na dagaa basi. Lakini zipo, boti nne. Aliziacha mgeni mmoja aliyekaa huku akipima maji ya ziwa. Kila siku anapima, anaandika, kesho anapima tena, na hakuwahi kutuambia alikuwa anatafuta nini ndani yake. Alipomaliza akaondoka, akatuachia boti ndogo za plastiki ngumu, za watu wawili wawili, kila moja na mlingoti wake na tanga lake. Tukaunda klabu. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, mtu wa Kigoma aliyeoa huku akabaki. Mwamuzi ni mzee mmoja mwenye duka Bariadi mjini, Mwislamu, asili yake Tanga, ambaye anayajua matanga tangu tumboni. Siku ya mashindano anakuja na filimbi na kiti chake cha kukunja. Chai yetu hanywi. Anasema tunachemsha maziwa halafu tunayadanganya kwamba ni chai.

Yangu ilikuwa boti ya bluu. Nimeishika miaka tisa. Kwetu nahodha anaondoka na usukani wake kwenda nao nyumbani, asije mtu akaichukua boti bila ruhusa, na wa kwangu ulikaa nyuma ya mlango wa chumbani. Mke wangu alikuwa anautundikia khanga zake. Nikimwambia aziondoe ananiambia, "Huu ni usukani au ni mtoto wako wa saba?"

Sasa sheria. Kila mwaka tuna mashindano makubwa ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, mbio mbili kila siku. Wa kwanza anaandikiwa moja, wa pili mbili, mpaka nne, na mwenye namba ndogo ndiye mshindi. Nahodha akiwa wa mwisho miaka miwili mfululizo anaacha usukani, anapewa mwingine, kwa sababu wanaosubiri ni wengi na boti ni nne tu. Sheria hiyo niliinyooshea mkono mimi mwenyewe, tena nilikuwa wa kwanza kunyoosha. Enzi hizo nilikuwa nashinda.

Mwaka jana nilikuwa wa mwisho.

Labda mtu aseme, mzee, kiboti tu hicho, kina nini? Mimi ng'ombe niliwagawa kwa watoto, shamba la pamba nikawagawia pia. Nyumbani nikisema neno wanajibu "Sawa, guku," yaani babu, halafu wanafanya walilokwisha kupanga. Ile boti ndiyo peke yake iliyokuwa bado inanitii. Nikigusa usukani inageuka. Haisemi sawa guku.

Mwenzangu wa siku zote wa kukaa mbele alikwenda machimboni kutafuta dhahabu na simu yake haipatikani. Nikazunguka nikiomba mtu. Huyu ana mgongo, yule ana kikao, yule anatazama chini. Nikaelewa kwamba hakuna anayetaka kupanda na mzee anayekwenda kuwa wa mwisho. Ikabaki wiki moja, na nyumbani kwangu mwanaume mzima mwenye nguvu ni mmoja tu: mkwe wangu.

Binti yangu alikuwa amekuja kwetu kujifungua, mtoto akapatikana salama, na mume wake akatoka Bukundi kuja kumwona. Kijana mpole, mchungaji. Kule kwao Meatu ni kukavu, maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya lambo. Lakini ana mikono, na ana macho. Akisimama uani kwangu anakuambia ng'ombe yule kule kilimani ana pembe moja iliyovunjika, na wewe hata ng'ombe humwoni.

Kwa asiye Msukuma inabidi nieleze. Kwetu mkwe anaheshimiwa mpaka heshima yenyewe inachosha. Mkwe hakai benchi moja na baba mkwe wake. Hampiti mbele. Hamgusi, hampigii kelele, hamkosoi mbele za watu, na baba mkwe naye hivyo hivyo. Mtu na mkwe wake wakikutana njiani kila mmoja anatafuta kichaka cha kuangalia. Na mimi nikamtia mtu huyo ndani ya boti ambayo urefu wake ni vitanda viwili.

Mke wangu aliposikia aliweka ungo chini. "Dunia nzima umekosa mtu mwingine?"

"Nimekosa."

"Mayu wee! Mtakaaje?"

"Tutakaa tu."

Mwalimu ndiye aliyemwandikisha. Yeye mtu wa Kigoma, akaona ni jambo zuri, familia kushirikiana. Akampa na fulana.

Jumamosi upepo ulitoka ziwani na nguvu. Boti hizi ni nyepesi, upepo ukizipiga zinalala ubavu. Dawa yake ni wote wawili kukaa ubavu wa juu, bega kwa bega, mnachomeka miguu kwenye mkanda ulio sakafuni, halafu mnalaza migongo nje juu ya maji kama watu wanaojinyoosha kitandani. Sasa hebu fikiria, na mkweo.

Filimbi ikalia, tukatoka, mkwe akaenda kukaa ubavu wa chini.

Nikamwambia kwa adabu, "Mkwe, karibu huku juu."

"Hapana, baba. Hapa panatosha."

"Karibu tu, mkwe."

"Nashukuru, baba. Niko vizuri."

Alikuwa yuko vizuri na maji yamemfika kiunoni. Boti imelala, inakunywa ziwa, na mimi siwezi kumwambia njoo hapa haraka kama ningemwambia mtu mwingine. Mwenzangu wa zamani nilikuwa namtukana mpaka tunafika, tukifika tunacheka. Huyu nimtukane vipi? Tukamaliza wa nne, tukaanza kuchota maji kwa kopo.

Kuna mama mmoja muuza dagaa, nahodha wa boti nyekundu, anayetushinda wote kila mwaka na mdomo wake unamtangulia. Akapita karibu. "Guku! Leo umebeba mtu au gunia la dagaa mbichi? Mbona mzigo wote umeegemea upande mmoja?"

Nikamjibu, "Nimebeba mkwe wangu."

Akatafuta pa kuangalia. Yeye ni Msukuma. Halafu akasema, "Pole," kwa sauti ya msibani kabisa.

Mbio za pili mkwe alijitahidi kuja ubavu wa juu, lakini alijibana mbele kabisa kwenye mlingoti, kati yetu ungeweza kukaa mtu wa tatu, na kulaza mgongo akakataa. Shida kubwa ikawa kugeuza. Ukigeuza boti tanga linahamia upande wa pili, na ninyi wawili mnainama chini ya ule mti wa tanga mnahama pamoja. Mimi nikageuza, tukainama, nikamsikia:

"Tangulia, baba."

"Tangulia wewe, mkwe."

"Siwezi, baba. Tangulia."

Tukawa tumeinama pale kila mtu anamkaribisha mwenzake kama tuko mlangoni kwa watu. Tanga linapigapiga, boti imesimama, na mwamuzi ufukweni ameondoa filimbi mdomoni anatutazama. Wa nne tena. Boti ya kijani, ya vijana wawili mafundi wa pikipiki, ilikuwa ya tatu mara zote mbili. Kwa hiyo wao sita, mimi nane. Hao ndio niliopaswa kuwapita.

Jioni hiyo, wakati jua bado liko, binti yangu alikuja na mtoto mgongoni akaniambia, "Baba, kule kwao mume wangu, bibi yake akitaka kitu kwa mkwe wake haongei naye. Anaongea na mbwa. Mbwa anakaa katikati, yeye anasema, mbwa, maji yamekwisha mtungini. Mkwe anasikia, anaenda."

"Mbwa gani atapanda boti?"

"Ongeeni na kopo."

Nilicheka, lakini Jumapili tulipotoka misa ya kwanza nililitazama lile kopo la kuchotea maji kwa macho mengine. Tulipotoka tu ufukweni nikasema, "Kopo, hapa upepo unakuja, anayekaa mbele angesogea juu na kulala nje."

Mkwe akasema, "Kopo, nimesikia." Akasogea. Akalala nje mpaka nywele zinagusa maji.

Sijui nieleze vipi. Ilikuwa kama tumefunguliwa kamba. "Kopo, tunageuza sasa hivi, anayekaa mbele atangulie, ni amri." "Kopo, nimetangulia." Nikaanza hata kulitukana. Kopo, mjinga wewe, vuta kamba! Na kamba ikavutwa. Mkwe naye akachangamka akaanza kuliambia kopo mambo yake, kwamba kopo, kuna giza la upepo linakuja juu ya maji mkono wa kulia, na kweli, likaja. Tulimfuata mama wa dagaa nyuma nyuma mpaka mwisho. Tukawa wa pili! Boti ya kijani ikawa ya nne.

Kumi kwa kumi. Ilibaki mbio moja, na mmoja wetu angekuwa wa mwisho.

Kabla hatujatoka tena, mwamuzi alisimama kwenye kiti chake. "Sikilizeni. Boya la juu, la kuzungukia, ni dumu jeupe. Jeupe! Kuna dumu la manjano upande wa kushoto, hilo ni la wavuvi, wamewekea alama nyavu zao. Atakayezunguka la manjano hajazunguka kitu." Tukasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa sauti kuliko wote.

Hapa sasa nifike kwenye jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu. Macho yangu yalikuwa yameanza kwenda. Karibu naona, lakini mbali, hasa juani juu ya maji, ni kama mtu amepaka mafuta kwenye kioo. Siku zote hizo nilijua boya liko wapi kwa sababu kulikuwa na matanga ya watu mbele yangu. Niliyafuata. Mtu wa mwisho hahitaji macho.

Mbio ile ya mwisho nilifanya kitu nilichojifunza zamani, nikakaa karibu na nchi kavu, mahali wengine hawapendi, upepo ukajipinda pale ukanisukuma. Nilipoinua kichwa hapakuwa na tanga mbele yangu. Mama wa dagaa nyuma. Kijani nyuma kabisa. Nilikuwa wa kwanza, na mbele yangu kulikuwa na maji matupu yanayong'aa, na ndani ya kung'aa huko kitu kimoja chenye umbo la dumu. Nikakielekea.

Mkwe alikuwa amelala nje. Akanyanyua shingo, akatazama mbele, akatazama kulia, akatazama mbele tena. Kisha akasema polepole, "Kopo, muulize baba, dumu letu ni lile?"

Nikasema, "Kopo, mwambie ndilo."

Akalaza mgongo tena. Alinyamaza kwa namna ambayo niliisikia. Ningeweza kusema, kopo, muulize aliye mbele anaona rangi gani. Maneno machache tu. Lakini kusema hivyo ni kusema sioni, na nahodha asiyeona anaachia usukani siku hiyo hiyo, hata awe wa kwanza. Nikashika njia yangu. Upande wa kulia niliona vivuli vya matanga vinapinda kwenda kwingine, nikacheka, nikasema, "Kopo, umeona wapumbavu wale wanavyopotea?" Mkwe akakaza kamba.

Tulilizunguka karibu sana. Lilikuwa la manjano. Manjano kama linanicheka.

Mtu asidhani namlaumu mkwe. Mimi mwenyewe nikiwa kijana nilisindikizana na baba mkwe wangu kupeleka ng'ombe mnadani Mwanhuzi. Kwenye njia panda akachukua njia siyo. Nilijua siyo, nilikuwa nimeipita mwezi ule ule. Nikauliza mara moja, "Baba, ni hii?" Akasema ni hii. Tulitembea mpaka jua likageuka, ng'ombe wakachoka, tukatokea kwenye mashamba ya watu tusiowajua, na mnada ukafungwa bila sisi. Sikusema neno. Ukimuuliza mkweo mara ya pili umemwambia ni mwongo. Nimefundishwa hivyo na nimemfundisha binti yangu hivyo, na binti yangu akaolewa na mtu aliyefundishwa hivyo.

Tulifika ufukweni wa kwanza, filimbi haikulia. Mwamuzi akafunga kiti chake. Mwalimu akaja na karatasi lake, uso umemwiva kwa haya, yeye si mtu mbaya. "Mzee wangu," akasema, "hamkuzunguka boya. Inahesabiwa nne."

Nikasema nimesikia.

Mama wa dagaa akashuka majini na hasira kuliko mimi, nadhani alitaka anishinde vizuri. Akamgeukia mkwe. "Wewe mchunga ng'ombe, ulikuwa umelala? Umempoteza guku wa watu! Jeupe na manjano huvijui, kwenu Bukundi hakuna rangi?"

Watu wakacheka. Na mkwe wangu, ambaye anaona pembe iliyovunjika kilimani, akaangalia mchanga akasema, "Ni kweli. Nilikosea mimi. Mimi ndiye niliyemwonyesha baba."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa na mdomo. Mwalimu akanitazama kama anayesubiri niseme kitu, kwa sababu nadhani mambo ya mwaka ule yangeweza hata kujadiliwa, mwenzangu hakuwa mzoefu, wangeweza kunionea huruma. Na kunyamaza kwangu kulinisaidia mara mbili: macho yangu yalibaki siri, na kosa likawa la mtu mwingine. Nikachomoa usukani, nikaufuta mchanga, nikampa Mwalimu. Akasema, "Ahsante, mzee." Akaupokea kwa mikono miwili, kama sahani ya chakula.

Walimpa mmoja wa wale waliosubiri. Kuna aliyesema wampe huyu wa Bukundi, atajifunza, wengine wakacheka tena.

Jumatatu nilipoamka mkwe alikuwa amekwisha kufunga mizigo yao yote. Alikuwa amepanga kukaa mpaka mtoto atimize miezi miwili. Binti yangu akaja kuniaga na macho mekundu. "Anasema amekuaibisha, baba, hawezi kukaa hapa unamwona."

"Mwambie..." nikasema.

"Nimwambie nini?"

Pale uani kopo halikuwepo, lakini alikuwepo binti yangu, ambaye ni bora kuliko kopo mara elfu. Ilikuwa njia rahisi kuliko zote nilizowahi kupewa. Nikasema, "Mwambie safari njema." Akamwambia. Mkwe akashukuru kutoka nje ya ua, amegeukia barabarani, "Wabeja, baba."

Hawajaja tena. Binti anapiga simu, ananitumia video za mtoto anatambaa, nazishika karibu na pua. Nikiuliza habari za mkwe anasema hajambo, yuko na ng'ombe. Mara mbili nimesema nitamwambia. Mara zote mbili mtandao ulikuwa mzuri.

Jumamosi mke wangu ananipeleka ufukweni, tunakaa kwenye mawe, anachambua dagaa kwenye ungo. Wa klabu wakipita wananisalimia, "Mwadila, guku," nami naitika. Kule majini ni mwanga tu, na vitu vyeupe vinavyokwenda na kurudi. Namuuliza ya bluu iko wapi.

"Iko mbele," anasema.

Namuuliza tena baada ya muda. "Iko mbele bado." Hainui kichwa kwenye ungo anaposema. Sijui kama ni kweli, na sijamuuliza mara ya tatu.